Mzazi Analipia Geti, Denti Anakula Maharage

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nywele, maana kuna ubishi nimeukuta Mikumi na Kilosa ambao nikiuacha upite hivi hivi nitakuwa sijakutendea haki. Ubishi wenyewe ni juu ya shule za masista na mapadri. Nazungumzia hizi sekondari za Kanisa Katoliki, za bweni, zenye ada ya kumtoa mtu jasho, ambazo mzazi akitaja jina la shule ya mwanawe harusini anapandisha sauti kidogo ili na meza ya pili isikie.

Ukimuuliza mzazi, shule ni bomba. Ukimuuliza denti mwenyewe, kwanza anatazama chini, halafu anaangaza kama bi mkubwa yupo karibu, ndipo anaanza kumwaga. Ukizisikiliza pande zote mbili unaweza kudhani wanaongelea shule mbili tofauti.

Nitangulize jambo moja. Shule walizonisimulia siitaji hata moja. Watoto wa huku hawasomi shule moja, wametawanyika Morogoro mjini, Ifakara, Iringa, Bagamoyo, kila mmoja na yake. Na mimi mwenyewe ni zao la shule ya kata, niliishia kidato cha nne, masista nilikuwa nawaona kanisani tu. Kwa hiyo usinitafutie kisasi, sina.

Kwa asiyeijua Mikumi, ni mji wa njiani. Ukitoka Dar kwenda Iringa unaikata ile mbuga iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, abiria wote shingo nje wanahesabu twiga na nyani, ukimaliza mbuga tu unaingia mjini. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapumzika hapo. Nyumba za kulala wageni kibao, chipsi, mishikaki, muziki mpaka usiku wa manane. Ndilo jimbo lililompeleka bungeni yule mkali wa hip hop, Profesa Jay, mwaka 2015. Sasa wewe una binti wa miaka kumi na nne, mrefu, mcheshi, na nyumba yako iko hatua chache kutoka mahali ambapo madereva wanaegesha. Utalala usingizi?

Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja mwenye mgahawa. Nilimpa shikamoo yake, akaniitikia huku anageuza chapati, nikamuuliza kwa nini kampeleka mwanawe kwa masista wakati shule ya serikali iko karibu na haina ada. Alinicheka.

"Mwanangu, mimi silipii hesabu wala kemia. Nalipia geti."

Nikamwambia mama, geti gani la milioni mbili na ushee kwa mwaka? Akasema nihesabu vizuri. Binti akitoka nyumbani kwenda shule ya kutwa anapita stendi asubuhi, anapita stendi jioni, na kila siku kuna mtu na soda mkononi. Kwa masista hakuna stendi. Kuna geti, kuna mlinzi, kuna sista mwenye daftari. Kila shilingi ya chapati inayobaki inakwenda kwenye geti hilo.

Sisi vijana wa mjini tumezoea kuwatania watoto wa geti kali. Kwa Mikumi geti kali si mambo ya ushuani. Ni mama muuza chapati anayelinunua kwa awamu, muhula hadi muhula.

Kutoka Mikumi nilielekea Kilosa kwa njia ya Ulaya. Usishangae, Ulaya ipo hapa hapa, ni kata, na nimefika bila pasi wala viza. Kilosa yenyewe ni mji wa reli tangu enzi za Mjerumani, na tangu 2024 treni ya umeme nayo inasimama hapo. Mzee mmoja mkulima wa mpunga aliniambia treni hiyo imemrahisishia sana, anapanda asubuhi kwenda Morogoro kumwona binti yake siku ya kutembelewa, jioni yuko nyumbani anafunga mbuzi.

Mzee huyu ni Mwislamu, tena wa swala tano. Nilipomuuliza kama hana wasiwasi binti kukaa kwa masista, hakukasirika, akaonekana kama swali hilo ameulizwa mara nyingi.

"Fizikia haina dini. Dini ntamfundisha mwenyewe akija likizo."

Basi nikadhani yameisha. Baadaye nikazungumza na binti mwenyewe, yuko kidato cha tano, anasoma PCB. Akaniambia wenzake ni wazuri, na Ramadhani wapishi wanawawekea futari Waislamu wote, hilo hana malalamiko. Lakini misa ya Jumapili shule nzima inaingia, na yeye anaingia kwa sababu hajawahi kumwona mtu aliyebaki bwenini akaachwa kwa amani. Baba anajua? "Baba hajauliza, na mimi sijamwambia. Nikimwambia atanihamisha, na hapa maabara zipo." Umeona hesabu za mtoto huyo! Mimi nadhani Katiba yetu imeliweka wazi suala la uhuru wa kuabudu, na shule inayopokea ada ya Mwislamu kwa mikono miwili ingeweza kabisa kumwachia saa moja akae maktaba. Si kila shule inabana hivyo, zipo zinazoruhusu. Lakini hilo ni jambo la kuuliza kabla hujapeleka godoro.

Hivi hii sifa ya masista imetoka wapi? Si ya juzi. Morogoro kulikuwa na Marian College, shule ya wasichana iliyokuwa chini ya masista wa Maryknoll kutoka Marekani. Huko ndiko alikosomeshwa Getrude Mongella, aliyekuja kuongoza ule mkutano mkubwa wa wanawake kule Beijing mwaka 1995 na baadaye mwaka 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Hata Mwalimu Nyerere kabla ya siasa alifundisha shule za Wakatoliki, Tabora na Pugu, ndiyo maana hadi leo anaitwa Mwalimu. Halafu ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, serikali ikazitaifisha shule nyingi za madhehebu, na Marian College ikawa Kilakala, ambayo ipo hadi leo na ni ya serikali. Miaka mingi kanisa likabaki zaidi na seminari zake. Mlango wa shule binafsi ulipofunguka tena, mapadri na masista wakarudi kwa kasi. Marian Girls ya Bagamoyo ikatajwa mwaka baada ya mwaka kwenye orodha ya wakali, St. Francis Girls ya Mbeya ikashika namba moja kitaifa zaidi ya mara moja. Mzazi wa Kilosa aliyekuwa anasikiliza redio siku ya matokeo aliyakariri majina hayo kama majina ya timu za mpira.

Na ujue kwamba ushindani siku hizi ni mgumu kwa shule za kulipia. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne serikalini hakuna ada, na mwaka 2022 wakaongezewa kidato cha tano na sita. Kwa hiyo anayelipa leo analipa akijua kabisa kwamba pembeni kuna ya bure. Kwa nini bado analipa? Wazazi wengi walinitajia geti, mwalimu kuwepo darasani, na kitu cha tatu ambacho wenyewe wanakiita nidhamu. Wale wa kidato cha tano wanaongeza jingine: ukiisubiri serikali, mtoto wa Mikumi anaweza kupangiwa mkoa wa mbali asikojua mtu, na mzazi akatumia nauli mpaka achoke. Kwa masista unachagua mwenyewe shule, unachagua kombi, mtoto anafanya usaili, mnamalizana.

Sasa twende kwa madenti, maana ndio wanaolala humo.

Wa kwanza nilimpata Mikumi, kijana wa kidato cha sita, HGL, yuko shule ya mapadri. Alinihesabia ratiba kwa vidole. Kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Misa. Usafi. Uji. Darasa mpaka alasiri. Kazi za mikono, maana wana shamba na ng'ombe. Kuoga, ugali na maharage, prepu mpaka saa nne usiku. Jumatatu maharage, Jumanne maharage, Jumatano maharage na kabichi, na Jumapili wali na maharage. "Braza, mimi nikimaliza hapa, maharage ntayaona kwenye picha tu."

Simu hakuna. Ikikamatwa inavunjwa mbele ya paredi, na mwenye nayo anaenda kumleta mzazi. Kutoka nje ya uzio ni kwa kibali. Barua zinafunguliwa, ingawa siku hizi nani anaandika barua. Hayo wote waliyalalamikia, na nitakuwa mkweli kwako, mimi hayakunigusa sana. Denti asiyelalamikia maharage ni mgonjwa. Na hata wao wenyewe, wakishamaliza kulalamika, walikuwa wananigeukia na sifa ambazo wazazi hawakuzitaja kabisa. Kijana yule yule wa HGL aliniambia hajawahi kukaa kipindi kizima bila mwalimu. Akiwa na swali usiku, padri wa taaluma anafungua mlango. Dada mmoja wa CBG alisema kwa mara ya kwanza maishani alishika hadubini kwa mikono yake, si kuichora daftarini. Mimi niliyeichora tu, hapo nilisikia wivu, sikufichi.

Kitu kinachowanyima usingizi ni kingine. Wanakiita mchujo.

Mchujo ni hivi. Shule inaweka wastani wake, tuseme hamsini. Mwisho wa mwaka hukufika, unaambiwa urudie darasa au utafute shule nyingine. Hukuiba, hukuwa na mimba, hukupigana. Umepata arobaini na saba. Sehemu nyingi mzazi anapewa barua ya uhamisho na maneno ya upole, kwamba mtoto atafanya vizuri zaidi mahali pasipo na presha kubwa. Wizara ya Elimu imeshakemea hadharani tabia hii ya kuwarudisha nyuma na kuwaondoa watoto kwa wastani wa shule. Na si shule za kanisa peke yake zinazofanya, za watu binafsi nazo zimo. Lakini huku ninakozungumzia, neno hilo nililisikia kwa kila denti niliyeongea naye, na kwa mzazi mmoja tu.

Mzazi huyo ni mama wa Kilosa, ana duka dogo la dawa za mifugo. Binti yake aliondolewa mwisho wa kidato cha tatu. Ada ilikuwa imelipwa yote, na ya mwaka unaofuata ilikuwa imeshaanza kuwekwa. Binti alikuwa anafeli hesabu na fizikia, masomo mengine yalikuwa yanakwenda. Mama akaenda shuleni, akakaa ofisini, akaambiwa kanuni aliisaini mwenyewe kwenye fomu ya kujiunga, ukurasa wa nyuma. Ilikuwa kweli, aliisaini. Nani anasoma ukurasa wa nyuma wakati anawaza ndoo, jembe, ufagio, rimu ya karatasi na shuka mbili nyeupe?

Binti akarudi nyumbani. Wiki tatu hakutoka ndani, anaogopa kuulizwa na majirani. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba kapata mimba, maana binti wa kwa masista akirudi katikati ya masomo watu hawana maelezo mengine. Mama akawa anazunguka na ile barua kwenye pochi, akikutana na mnong'onaji anaitoa anamsomesha. Kasheshe! Binti sasa yuko shule ya serikali ya kutwa, anasoma sanaa, anasema yuko sawa. Alichoniambia yeye mwenyewe ni hiki: "Kaka, mimi sikuchukia kuondoka. Nilichukia kwamba wenzangu waliambiwa asubuhi paredi tuwaombee waliotuacha, kama vile nimekufa."

Nilitafuta na upande wa pili. Mwalimu mmoja wa shule za namna hiyo, si mtawa, alikubali kuongea bila jina. Alisema wazazi wenyewe ndio wanaotaka mchujo. Siku ya usaili swali la kwanza la mzazi ni mna divisheni wani ngapi. Hakuna anayeuliza mtoto wa arobaini na saba mnamsaidiaje. Shule ikitoa divisheni tatu kumi tu, mwaka unaofuata fomu haziuziki, mishahara haitoki. Kwa hiyo wakuu wanafanya kile soko linachotaka. Hoja yake naielewa, ila sikubaliani nayo yote, maana ukitoza ada ya kumfundisha mtoto halafu ukamtoa kwa kuwa hafundishiki, ada ilikuwa ya kazi gani?

Ila kwenye hilo la maswali ya wazazi kanigusa. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila ile orodha ya shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, likasema kuzishindanisha shule zisizo na mazingira sawa hakuna tija. Watu walilalamika sana, Mikumi hadi leo wanalalamika. Lakini orodha ile hata ilipokuwepo ilikuwa inakwambia habari za waliofika mwisho tu. Aliyeshuka njiani hayumo. Basi likifika Iringa na abiria ishirini wote wazima, utalisifia. Je, lilitoka Dar na wangapi?

Na hapa nikupe kitu cha kufanya, hakihitaji kumwonga mtu. Matokeo ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili yanawekwa hadharani shule kwa shule, kama ya kidato cha nne. Chukua simu yako. Fungua ya kidato cha pili ya mwaka 2022 ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Kisha fungua ya kidato cha nne ya mwaka 2024, shule hiyo hiyo, hesabu tena. Ni darasa lile lile miaka miwili baadaye. Pengo likiwa dogo, sawa, kuna waliohama na wazazi, kuna ambao ada iliwashinda, kuna waliougua. Pengo likiwa kubwa, beba swali hilo siku ya usaili. Zipo shule za masista ambazo nilihesabu nikakuta karibu wote wamefika, na matokeo yao mazuri vile vile. Hizo ndizo ningempeleka mdogo wangu kama mshiko ungekuwepo. Zipo nyingine nilihesabu mara mbili nikidhani simu yangu ina matatizo.

Kwa kidato cha tano ni ngumu kidogo kwa sababu hakuna mtihani wa taifa wa kulinganisha na cha sita. Hapo njia ni moja, kamtafute denti anayesoma pale. Mkute likizo, mbali na mzazi wake, mnunulie soda. Muulize waliingia wangapi kwenye kombi yake na sasa wako wangapi. Anayo namba kichwani, hahitaji hata kufikiri. Muulize na maji ya bwenini, muulize akiumwa usiku nani anaamka. Mwulize matroni anaitwa nani, ukiona anatabasamu wakati anataja jina, umeshapata taarifa ambayo haipo kwenye kipeperushi chochote.

Yule mama wa chapati nilimpigia simu juzi nikamweleza habari ya kuhesabu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kuna uwezekano kwamba binti yake amewahi kumwambia jambo hili na yeye hakusikia. Nikamjibu mama, hilo mimi sijui, ila likizo si inaanza mwezi ujao. Akasema basi ngoja aje, na akakata simu kwa sababu mafuta yalikuwa yanaungua.

Wewe uliyepitia kwa masista au mapadri, uliyechujwa na uliyebaki, niandikie kupitia ofisi za gazeti hili. Wazazi pia mnaruhusiwa. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu, kuna mshikaji wa Msamvu kaposa dada wawili wa nyumba moja, na wote wamekubali!